Shahidi Mmoja, Asiwe Ndugu

Ngamiani, Tanga
Jumapili asubuhi, siku ya themanini na moja

Baba,

Leo nitakueleza yote, na sitaficha hata yale yanayoniaibisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali mwandikiwa, kisha mwandishi anaeleza hali yake, kisha yanafuata madhumuni. Nimekaa na kalamu tangu tulipomaliza chai nikitafuta namna ya kukujulia hali wewe, nimeshindwa. Basi nakuombea tu Mungu akupe nafasi huko uliko, na naanza na hali yangu. Hali yangu ni kwamba nimechoka na watu wote wa nyumba hii. Nimechoka na Shangazi Mwanamkasi, nimechoka na Mama, na unisamehe Baba, nimechoka na wewe pia.

Mama bado yumo edani. Siku zake zinahesabiwa na Shangazi, ambaye kila baada ya alfajiri anatia punje moja ya kunde katika kopo la maziwa. Dada yako alikuja kutoka Mkwaja na mkoba wa nguo za siku tatu za matanga, akatazama huku na huku, akasema mjane haachwi peke yake bila mtu mzima, na mpaka leo yupo. Amekataza redio. Amekataza Mama asisimame dirishani. Juzi alimfuata muuza samaki mpaka nje akamwambia asipige hodi kwa sauti nzito, kuna mwanamke wa eda ndani. Yule kaka akauliza, "Sasa bibi, nipige hodi kwa sauti ya nani?" Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba wewe ungecheka zaidi, nikanyamaza.

Na ameshapanga mambo yetu yote. "Eda ikitoka mnafunga virago, twende Mkwaja. Nyumba ni kubwa, muhogo upo, kuna nini tena Ngamiani?" Mimi nipo Ngamiani, Baba. Nipo kidato cha tatu, mtihani wa kidato cha nne ni mwakani, na sitaki kuhama. Mama hasemi ndiyo wala hapana. Duka letu la kutengeneza kompyuta limefungwa tangu ulipoondoka, na Mama anajua kwamba bila kazi hana la kumjibu wifi yake.

Kazi ikapatikana. Yaani, ilikaribia kupatikana. Hayo ndiyo madhumuni ya barua hii.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinionyesha tangazo. Kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza programu za maduka ya dawa inatafuta mhandisi wa msaada wa kiufundi kwa wateja wake wa huku kwetu. Nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Mwenye duka la dawa akiona programu imeganda anapiga simu. Wewe unampokea, unamtuliza, unamuuliza maswali, unaingia katika kompyuta yake kwa mtandao ukiwa umekaa nyumbani kwako, unatafuta tatizo na kulitatua, kisha unaandika ulichofanya ili mwenzako akikutana nalo asianze upya. Nilipolisoma nilicheka peke yangu darasani. Hiyo si ndiyo kazi aliyoifanya Mama miaka yote nyuma ya pazia la duka letu?

Unakumbuka ulivyokuwa ukiingia na mashine mikononi kama mtu aliyebeba mtoto? "Mama Saumu, mgonjwa huyu kakataa chai tangu jana." Au, "Huyu ana homa, hebu mguse tumbo." Naye Mama, bisibisi iko mdomoni, anauliza: alianza lini, alianguka, nani alimgusa mwisho? Wewe unatoka mpaka kwa mteja, unamuuliza maswali yale yale kana kwamba ni yako, unarudi na majibu. Mimi nilikuwa chini ya meza na daftari langu la hesabu, miguu ya Mama ndiyo ukuta wangu. Baada ya muda unatoka na mashine inayofanya kazi, na mteja anasema, "Fundi Bakari, mikono yako ina baraka!" Na wewe unasema, "Alhamdulillahi."

Neno hilo nililisikia kila siku, Baba. Halikuwa uongo. Lakini halikuwa jibu.

Sababu naijua, Mama aliniambia. Mlipofungua duka hapakuwa na pazia, na siku moja bwana mmoja alimkuta Mama ameifungua kompyuta yake, akaichukua hivyo hivyo iko wazi, skrubu akazitia mfukoni, akasema, "Mimi sikumletea mpishi." Ndipo mkakubaliana, wewe mbele, yeye nyuma. Mlikubaliana wawili, sawa. Lakini sasa amebaki mmoja.

Mama alikataa kuomba kazi. Akakataa tena. Siku ya tatu nikamkuta anasoma tangazo kwenye simu huku anachambua mchele, mchele haujachambuka. Nikaandika barua ya maombi, yeye akairekebisha, tukaambatisha cheti chake cha chuo, na baada ya wiki wakamwita kwenye usaili wa mtandaoni. Jumatano, saa nne asubuhi.

Vita vikaanza. Shangazi alisema, "Mjane wa siku sabini azungumze na wanaume wa Dar es Salaam? Tena kwenye televisheni?"

Nikamwambia, "Si televisheni, Shangazi, ni kompyuta."

"Ina uso wa mtu ndani, ni televisheni."

Alivaa buibui akaenda mwenyewe kumuuliza ustadhi wa madrasa. Ustadhi alimjibu kwamba mazungumzo ya haja hayana makosa, maadamu ni ya heshima na hakuna faragha. Shangazi akarudi na uso wa mtu aliyeshindwa kesi akapewa cheo. "Basi faragha haitakuwepo," alisema. "Nitakaa mimi hapo hapo."

Nikaona bora nimtumie. Kwa siku tatu tulifanya mazoezi: mimi msaili, Shangazi mteja mwenye hasira. Baba, ungemwona! "Mashine yenu imemeza dawa zangu zote! Nyie wezi nyie! Watu wamepanga foleni na kikohozi, nawauzia nini, maji?" Mama akimtuliza upole upole, "Pole sana bibi, hebu niambie, kwenye skrini unaona nini?" Shangazi alikuwa hataki mazoezi yaishe. Siku ya pili alidai awe wateja wawili.

Jumatano niliomba ruhusa shuleni. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mtandao usikatike, nikakaa pembeni ya meza nisionekane, ingawa kamera tuliifunga. Mama alikuwa na nguo zake zile za eda, hana wanja, hana hina, lakini alikuwa amenyoosha mgongo kama mtu aliyeko ofisini. Shangazi alikuwa kitandani nyuma yake na tasbihi.

Wasaili walikuwa wawili, Bi. Upendo na Bwana Elia. Bi. Upendo alisema hawamwoni, Mama akaeleza kwamba amefiwa na mume na yuko katika eda, akaomba asikike tu. Bi. Upendo alisema pole kwa namna ambayo nilijua anaimaanisha, akasema wataendelea kwa sauti. Bwana Elia naye akasema pole. Shangazi akaitikia kwa nguvu, "Tumeshapoa, mwanangu!"

Bwana Elia akauliza, "Samahani, kuna mtu mwingine humo?"

"Ni wifi yangu," Mama akasema. "Yupo kwa ajili ya heshima."

"Asikusaidie kujibu, tafadhali."

"Mimi?" Shangazi akasema. "Mimi simu yenyewe napigiwa tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini walicheka, wakaendelea, na wakampa Mama mtihani. Duka la dawa, programu imekataa kutoa risiti tangu asubuhi, jana ilikuwa nzima. Aanzie wapi?

Mama hakuwa na haraka. Aliuliza kama umeme ulikatika usiku. Ulikatika. Akasema, "Nisomee saa iliyo pembeni mwa skrini. Na tarehe." Bwana Elia akasoma, na tarehe ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Mama akasema betri ndogo ya ndani imekufa, umeme ulipokatika kompyuta ikasahau leo ni lini, na programu haiwezi kuandika risiti katika siku zilizokwisha kufungwa. Warekebishe tarehe wauze, kisha betri ibadilishwe, la sivyo kesho watapiga simu tena. Bwana Elia akasema, "Wengi huanza kwa kufuta programu nzima." Nilijifinya paja kwa furaha. Sijafurahi hivyo tangu utuache.

Ndipo Bi. Upendo alipomwomba aeleze tatizo kubwa alilowahi kulitatua katika kazi.

Mama alieleza la duka la dawa la Pongwe. Unalikumbuka, diski iliyokufa na kumbukumbu zote za duka ndani yake, siku tatu Mama hakula chakula cha mchana. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, lakini nikaanza kusikia kitu. Alikuwa anasema "ilifunguliwa", "ikanakiliwa", "zikapatikana". Hakukuwa na mtu katika hadithi nzima. Bi. Upendo naye alisikia. Akauliza, "Nani alifanya, Bi. Halima? Wewe?"

Na Mama, Baba, mkeo huyu aliyefanya mazoezi siku tatu, akasema, "Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa namshikia tochi."

Wakamuuliza mfano mwingine. Marehemu. Mwingine tena. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na mikono ya baraka. Bwana Elia akasema, taratibu sana, "Tunashukuru, mama," na nilijua neno lile lina maana gani.

Nikainuka, nikasogea kwenye kompyuta, nikasema, "Samahani. Mimi ni mtoto wake. Mama yangu hasemi kweli. Baba alikuwa hawezi hata kubadilisha plagi. Kazi zote hizo ni za Mama."

Hayo ndiyo yanayoniaibisha. Nimekuahidi kutoficha, sikufichi. Nilimwita Mama mwongo mbele ya watu, na wewe nikakuvua ufundi wako, yote kwa pumzi moja. Shangazi alipiga kelele, "Yarabi! Kaburi bichi, mtoto unamkana babako!" Mama hakugeuka kunitazama. Bi. Upendo akamuuliza kama ni kweli. Mama akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, nikaangalia, haukukatika. Kisha akasema, "Mtoto ameshasema."

Walizungumza wao kwa wao. Waliporudi, Bi. Upendo alisema jibu la mtihani lilikuwa bora kuliko yote waliyoyasikia wiki ile, lakini hawawezi kumpa mtu kazi kwa neno la mwanawe. Wanataka mtu mmoja, asiwe ndugu, anayejua kwa hakika kwamba aliyekuwa akizitengeneza mashine zile ni Bi. Halima. Aandike barua fupi, aweke namba yake. Mwisho Alhamisi hii.

Walipokata simu nilingoja kofi. Halikuja. Mama alifunga kompyuta, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akasema, "Maiti havuliwi nguo, Saumu. Mtu akishafukiwa unamwachia alichokwenda nacho." Nikamuuliza, na aliye hai aachiwe nini? Akaenda kutia udhu.

Basi tangu Alhamisi iliyopita natafuta shahidi, Baba, na hapo ndipo unaponichosha.

Nilichukua baiskeli yako, kiti nimekishusha, nikaenda mpaka Pongwe jua kali. Mzee wa duka la dawa alinipokea vizuri, akanipa soda, akalia machozi kidogo. Nikamweleza. Akatikisa kichwa akicheka kama mtu anayemsikiliza mtoto mdogo. "Mwanangu, mimi nilimkabidhi babako kompyuta kwa mikono yangu, na akanirudishia kwa mikono yake. Yule bwana alikuwa fundi! Mamako nilimwona mara moja tu, alileta chai." Nikamwambia hakuleta chai, alikuja kuona waya wa printa. "Alileta chai," akasema. "Tena tamu."

Nikaenda kwa yule dada wa stationeri ambaye kila mwezi alikuwa na mashine kwetu. Naye akaapa. "Fundi Bakari alinitengenezea mbele ya macho yangu." Nikamuuliza, mbele ya macho yako, au alikwenda nyuma ya pazia? Akafikiri. "Alikwenda nyuma. Vifaa vyake si viko nyuma?" Wa tatu aliniambia niwe na adabu kwa marehemu, asinisikie tena nikisema hayo.

Umeacha jina zuri kupita kiasi. Kila ninakopita wanakuombea, nami naitikia amina huku nasaga meno. Jina lako limesimama mlangoni, Mama hapati pa kupita.

Jana mchana Shangazi, ambaye alikuwa hajasema nami tangu Jumatano, alikuwa anasonga bada, ule ugali wake wa muhogo, akaanza kunguruma peke yake. "Bakari fundi. Bakari huyu huyu aliyeifungua baiskeli ya babaye akashindwa kuirudisha, tukapelekwa wote kuokota nati na skrubu mchangani? Alipoanza kuitwa fundi huku mjini mimi nilisema, haya, mjini kuna miujiza." Kisha akageuza mwiko kunielekea mimi. "Niandike mimi basi. Niandike mimi ndiye shahidi."

"Shangazi, wamesema asiwe ndugu."

"Mimi ni ndugu wa marehemu, si ndugu yake yeye!"

"Hawatakubali."

"Televisheni yenyewe nilikaa nayo saa nzima," akasema, akaupiga ugali kama umemkosea. Sijui kama hiyo maana yake hatatupeleka Mkwaja. Kwa Shangazi mtu hajui.

Na Mama? Mama amenikataza nisiende tena kuomba ushahidi barabarani. "Kama babako hakumwambia mtu, basi ndivyo tulivyokubaliana, na alitimiza." Lakini jioni, nikimsaidia kukunja nguo, aliniuliza bila kunitazama, "Yule mzee wa Pongwe, kompyuta yake uliiona?" Nikasema niliiona, iko mezani, anaitumia. "Ile ile?" Ile ile. Akakunja kanga moja mara nne mpaka ikawa ndogo kama kitabu. "Kumbe bado inafanya kazi," akasema. Nimemwona akitabasamu, Baba. Anaitaka kazi hii. Hawezi kuiomba kwa kukuondoa wewe, na mimi sitaki aipate kwa kukuondoa. Nataka tu mwende wote wawili, kila mtu na chake. Ulikuwa na chako. Yule bwana wa skrubu alirudi baada ya miaka miwili, na aliyemrudisha ni wewe kwa maneno yako barazani, si Mama. Watu waliingia dukani kwa ajili yako. Hilo pia ningeliandika kama wangeniuliza.

Kwa hiyo nakuahidi haya. Kesho nikitoka shule nitaendelea kuuliza, hata Mama akinigombeza, na popote nitakapotaja jina lako nitalitaja kwa heshima, wala sitarudia lile la plagi. Nitamwomba Mama msamaha kwa namna inayofaa, kwa kumshika miguu, leo hii baada ya adhuhuri. Na nitafaulu kidato cha nne, iwe hapa au Mkwaja. Ijumaa nitakuja kukusomea Yasini. Lala salama, Baba yangu, Mungu akupanulie kaburi lako.

Lakini kabla ya Ijumaa kuna Alhamisi, na nina haraka ya jibu, lije hata kwa ndoto. Wewe ulikuwa mtu wa kahawa na baraza, siri ilikuwa haikai nawe mpaka jioni, na hii uliitunza miaka yote. Sitaki kuamini kwamba uliitunza kwa kila mtu. Mimi mwanao Saumu nakuuliza: kuna nani, hata mtu mmoja tu, uliyepata kumwambia kwamba fundi ni mkeo?